Kata Ua Kabla Halijazaa

Kazi yangu ya kwanza baada ya kuondoka Garsen ilikuwa kukata maua yaliyokufa. Sitanii. Hoteli moja ya ufuoni, kaskazini mwa Mombasa, ilinichukua kama kibarua wa siku, ikanipa ovaroli ya kijani, ndoo na mkasi wa kupogolea. Kuanzia saa kumi na mbili asubuhi nilipita kichaka kwa kichaka kuondoa kila ua lililonyauka kabla wageni hawajaamka wakaliona. Msimamizi alikuwa na jina lake la Kizungu la kazi hiyo. Sisi vibarua tuliita kunyoa.

Mama aliponipigia simu kuuliza nafanya nini huko, nilimwambia niko "idara ya mazingira". Haukuwa uongo kabisa, lakini nilijua kwa nini sikusema ukweli. Nilisomeshwa kwa pesa za maembe. Kila msimu mama alikuwa akikaa stejini Garsen na ndoo zake, basi la Lamu likisimama anakimbia nalo dirishani, ili mimi nimalize kidato cha nne. Sasa unamwambiaje mtu kama huyo kwamba mwanawe ananyoa maua?

Uongo huo niliukumbuka mwezi uliopita, kwenye kikundi chetu cha WhatsApp cha vijana wa Garsen. Mtu aliweka picha ya mzee mmoja mwenye kofia iliyochanika, amechuchumaa kando ya mwaridi kwenye uwanja wa ofisi fulani ya hapa kwetu, mkasi mkononi, anakata maua yaliyogeuka kahawia na kuyatia ndooni. Chini ya picha iliandikwa: "Watu wanalala njaa, huyu analipwa kunyoa maua." Basi, vicheko. Mmoja akasema huo ndio ugatuzi. Mwingine akauliza kama kuna nafasi ya msaidizi. Hata mimi kidole kilikuwa kishaenda kwenye kile kikatuni cha kucheka mpaka machozi.

Kisha nikaikuza picha. Nyuma ya mzee, ng'ambo ya seng'enge, kulikuwa na mathenge. Mathenge tupu, kutoka ukingo mmoja wa picha mpaka mwingine, imejaa maua yake ya manjano yanayoning'inia kama brashi za kuoshea chupa. Hakuna aliyeiona. Picha nzima ilikuwa na mtu mmoja tu anayefanya kazi ambayo Tana River yote ilipaswa kuifanya miaka arobaini iliyopita, na ndiye tuliyemcheka.

Naandika kumtetea mzee huyo. Simjui, na pengine naye hajui kwamba anahitaji wakili. Lakini nimechoka kusikia kwamba kukata ua lililokwisha ni mchezo wa matajiri, kazi ya kupendezesha macho ya wageni. Hiyo ni kazi ya kuamua mbegu gani itazaliwa na ipi haitazaliwa, na sisi watu wa Tana tumeilipia bei ya kutoijua kuliko mtu yeyote ninayemfahamu.

Mwalimu wangu pale hotelini alikuwa mzee wa Kigiriama ambaye hakuwahi kusomea bustani popote. Siku ya kwanza alinitazama nikichuma petali kavu za waridi moja moja, akanyamaza, akaniacha nimalize kichaka kizima. Kisha akaja akashika kile kifundo cha kijani kilichobaki juu ya kikonyo.

"Umemvua kofia," akasema. "Kichwa umeacha."

Akanieleza kwamba ua halikuumbwa kwa ajili yangu wala ya mgeni. Ua ni tangazo tu, biashara yenyewe ni mbegu. Likishapata ilichotaka, mmea hauna haja tena ya kujipamba. Nguvu zote zinaingia kwenye kile kifundo, kinavimba, kinakuwa tunda, na maua yanapungua. Lakini ukikata pamoja na kifundo, chini kabisa, mmea unaona biashara imeharibika. "Atafungua duka upya," mzee alisema, na baada ya wiki kadhaa kweli lilifunguka. Kwenye mwaridi alinifundisha kushuka na kikonyo mpaka kwenye jani lenye vijani vitano, na kukata juu yake kidogo, kwa sababu chipukizi lenye nguvu hutokea hapo.

Wala hakukata kila kitu, na hili naliweka hapa kwa ajili ya wale wanaodhani hii ni kazi isiyohitaji akili. Haibiskasi hakumgusa. Ua lake huishi siku moja, hujikunja na kuanguka lenyewe, na wale wa bustanini mara nyingi hawafungi hata mbegu. Bogonvilia alimcheka, akanionyesha kwamba ile nyekundu tunayoipigia picha siyo ua, ni majani yaliyovaa rangi, na ua lenyewe ni kile kijineno cheupe katikati. Oleanda alimkata kwa tahadhari na hakuruhusu matawi yake yatupwe walipopita mbuzi wala yachomwe moto, maana sumu yake haina mzaha. Lakini lantana! Kwa lantana mzee alikuwa hana huruma. Vishada vile vya rangi mbili tatu vikianza tu kuacha shanga za kijani, alikuwa juu yake. Shanga hizo zikiiva huwa nyeusi, ndege huzila, na ndege hajui mpaka wa hoteli uko wapi.

"Huyu," alisema, "ukimpa wiki moja amekwisha kuwa na wajukuu Kilifi."

Nilidhani anatia chumvi. Baadaye nikasoma kwamba lantana ilitoka Amerika za joto, ikapendwa kwenye bustani za Ulaya tangu karne ya 17, ikachukuliwa makoloni kama pambo, na leo imefunika malisho Afrika, Asia na Australia. Ng'ombe akiila sana anapata sumu, ngozi yake inaungua juani. Ilianza kwenye kitanda cha maua, na watu waliolipenda ua wakasahau kuangalia lilichoacha nyuma.

Sasa njoo Garsen.

Kwa wale ambao hawajafika, Garsen ni pale unapoacha barabara ya Malindi na Lamu ukikata kwenda Hola, karibu na pale Tana, mto mrefu kuliko yote nchini, unapoanza kujigawanya ili uingie baharini. Delta yetu iliwekwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu muhimu za dunia mwaka 2012. Wapokomo tunalima kingoni, tunategemea mafuriko yaje kwa kiasi. Waorma wanafuga, na kiangazi wanashuka na mifugo kuja kunywa kwa kupitia njia tunazoziita malka. Maisha yote ya hapa yanategemea njia hizo kuwa wazi. Na kila unapopita leo, kando ya barabara, kwenye malka, kwenye mashamba yaliyolala mwaka mmoja tu, unakutana na mathenge.

Mti huu si wa kwetu. Asili yake ni Amerika ya Kati na Kusini. Mwaka 1973 mbegu zake zililetwa Bamburi, pale Mombasa, kutoka Brazil na Hawaii, ili kuotesha kitu kwenye machimbo ya saruji yaliyobaki mwamba mtupu. Uliota, tena vizuri. Miaka ya 1980, serikali na wafadhili walipokuwa na hofu ya jangwa na uhaba wa kuni, ukapandwa Baringo, Turkana, na huku kwetu Bura, kwenye mradi wa umwagiliaji, ambako walowezi wapya walihitaji kitu cha kupikia. Siwalaumu waliofikiri hivyo. Ukiwa na nchi kame na mti usiokufa, ungefanya nini? Ninachowalaumu ni kwamba katika kila nilichosoma kuhusu miaka ile, wanahesabu miche iliyopandwa. Sijakuta mahali mtu alipopewa kazi ya kuhesabu maganda.

Baba yangu alifanya kibarua Bura miaka hiyo. Alirudi nyumbani na miche sita kwenye mikebe ya Kimbo, akaipanda mbele ya nyumba yetu. Mama anasema alikuwa akiiamsha asubuhi kwa maji kama mtu anayeamsha watoto. Ilipokua akapanda mingine kutokana na mbegu zake, ikawa ua wa boma zima. Ndiyo, Kiswahili kimetupa neno moja kwa ua la kunusa na ua wa kuzungushia nyumba, na kwetu vyote viwili vilikuwa kitu kimoja. Nimekulia kwenye kivuli hicho. Maua yake yana harufu ya utamu hafifu, nyuki wanayapenda, na asali yake ni nzuri, asikudanganye mtu. Maganda yakiiva huwa ya manjano na matamu. Tulikuwa tukiyatafuna tukitoka shule.

Na mbuzi walikuwa wakiyatafuna.

Hapa ndipo penye kesi. Mbuzi anakula ganda, sukari inabaki tumboni mwake, mbegu ngumu inapita nzima, tena inatoka ikiwa tayari zaidi kuota kuliko ilivyoingia, na imefungwa ndani ya mbolea yake. Anaweza kuidondosha mbali sana na alikolia. Mafuriko nayo yanabeba maganda, yanaelea kama mitumbwi. Mvua kubwa ya El Niño ya 1997 na 1998 ilipopungua, wazee wanasema, ndipo walipoanza kuona miche mahali ambapo hakuna mtu aliyepanda. Mjomba wangu alikuwa na shamba karibu na mto. Alisafisha mathenge humo misimu minne. Msimu wa tano mwiba ulipita kwenye ndala yake. Mdharau mwiba mguu huota tende, walisema wahenga, lakini yeye hakuudharau. Alikwenda hospitali siku ya tatu, na mwishowe akapoteza vidole viwili. Shamba aliliacha. Leo huwezi kuliingia hata kwa panga.

Na mjomba alimlaumu nani? Mbuzi wa Waorma. Kila mtu upande wetu anawalaumu mbuzi wa Waorma. Nilikua nikisikia hivyo na nikiamini. Mimi mwenyewe nimewahi kurusha mawe.

Niliporudi Garsen mwaka 2024, baada ya mafuriko, nikiwa bado na macho ya hotelini, nilisimama mbele ya nyumba yetu siku ya kwanza nikahesabu kwa hesabu ya mzee wangu wa Kigiriama: ua huu una maua mangapi, mangapi yamekwisha, mangapi yamefunga. Nikaona njia ya mbuzi inapita hatua mbili tu kutoka kwenye matawi. Maganda yamelala chini kama zulia. Jioni hiyo jirani yetu, mama wa Kiorma ambaye nimemfahamu tangu nikiwa mtoto, akapita na mbuzi wake, na mjomba, ambaye alikuwa ameketi nje na fimbo yake, akaanza kama kawaida: nyinyi na mbuzi wenu mmetumalizia ardhi.

Yule mama alisimama. Hakupandisha sauti.

"Kaka yangu," akasema, "mbuzi wangu wamepanda mti lini?"

Mjomba hakuwa na jibu, na mimi sikuwa nalo. Ua ni wetu. Maua ni yetu. Maganda yanaangukia upande wetu wa barabara. Tumekaa miaka arobaini tukilisha mbuzi wake mbegu, kisha tukamshtaki kwa kile walichokinya.

Sitaki mtu anielewe vibaya. Kati ya Agosti 2012 na mwanzo wa 2013 watu zaidi ya 100 waliuawa hapa kwenye mapigano baina yetu, na sababu zake ni ardhi, maji, siasa na silaha. Sisemi mathenge ndiyo iliyowaua. Nasema kwamba mahali ambapo njia ya maji ni jambo la kufa na kupona, mti unaoziba njia ya maji si suala la mapambo. Na nasema kwamba tumezoea kutafuta mkosaji anayetembea kwa miguu minne, wakati wa kwetu amesimama uani ana maua.

Najua mtakachoniambia, kwa sababu kikundini nilishaambiwa.

Kwanza: utakata maua ya mathenge mangapi wewe? Swali zuri. Kwenye msitu wa Bura au kando ya barabara ya Hola, hata moja. Huko kunahitaji mashine na pesa, na kung'oa mzizi. Lakini msitu haukuanza kama msitu, ulianza kama miche sita kwenye mikebe. Kila boma lenye ua wa mathenge kando ya njia ya mifugo ni kitalu. Serikali ikileta tingatinga kesho ikasafisha kutoka hapa hadi Hola, nyua zetu zitaurudisha msitu huo huo, tena bure. Ua wa nyumba una urefu wa hatua thelathini, arobaini. Huo mtu anauweza. Ukiupogoa mara kwa mara ukabaki mfupi hautoi maua mengi, na yale machache yanafikiwa na mkono. Pale hotelini tulikuwa watu wanne na vichaka visivyohesabika, na kila asubuhi tulimaliza.

Pili: mathenge ina faida, tuitumie. Hapa ndipo ninapogombana na wakubwa. Kwa miaka mingi jibu la wataalamu limekuwa kuudhibiti kwa kuutumia, na matumizi yanayosifiwa kuliko yote ni makaa. Sawa, makaa yake ni mazuri na watu wanakula kwayo. Lakini mathenge ukiikata shina juu ya ardhi haifi. Inachipua kutoka pale pale, badala ya shina moja unapata matano, yamesongamana kuliko mwanzo. Kuiua lazima uchimbe ukate mzizi chini ya usawa wa udongo, na mchoma makaa analipwa kwa gunia, halipwi kwa kuchimba. Na siku anayokata, maganda yalikwisha kuanguka. Mzee wangu angesema mmekata miguu, kichwa mmeacha.

Matumizi ninayoyakubali ni ya maganda yenyewe. Yakusanywe kabla mbuzi hajafika, yaanikwe mpaka yakatike kwa sauti, yasagwe mpaka na mbegu ivunjike, ndipo mbuzi apewe. Anapata chakula kile kile, na kinachotoka hakioti. Hilo nalo ni kunyoa. Afrika Kusini walielewa jambo hili. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walileta wadudu wadogo kutoka Amerika wanaokula mbegu za mathenge tu, kwa makusudi, kwa sababu wakulima wao walitaka kivuli na maganda lakini hawakutaka watoto wa mti. Mdudu anaachia mti, anachukua mbegu. Na unajua kilichowapunguzia nguvu wadudu hao? Mifugo iliwahi maganda kabla yao. Kumbe hata mdudu anaweza kuchelewa.

Tatu: sheria ipo. Naam, ipo. Mwaka 2006 Wailchamus wa Baringo waliipeleka serikali mahakamani kwa ajili ya mti huu, na wakamleta mbuzi asiye na meno kama ushahidi, maana utamu wa maganda ulikuwa umeyaozesha. Mbuzi huyo ndiye watu wanamkumbuka. Mwaka 2008 mathenge ikatangazwa rasmi kuwa gugu hatari, na kwa sheria ya magugu hayo mwenye ardhi ndiye anayepaswa kuliondoa. Maana yake mama yangu, muuza maembe, ni mkosaji, kwa mti ambao mumewe aliupata kwenye mradi uliobarikiwa na serikali hiyo hiyo. Sheria kama hiyo inaandikwa na mtu ambaye hajawahi kushika mkasi.

Na nyinyi mliopo mjini msidhani mmepona. Najua mnavyoishi, nimeishi huko. Mnanunua mimea kando ya barabara Nairobi au Nyali, mnaiweka roshani, mnaipiga picha siku inapochanua. Muuzaji hakuwaambia ilikotoka wala inazaaje, na hamkuuliza. Gugumaji lililofunga Ziwa Victoria kuanzia miaka ya 1990, mpaka wavuvi wa Kisumu wakawa hawawezi kutoa mashua, lilisambaa duniani kwa sababu ya ua. Ua zuri la zambarau. Watu walilitia kwenye vidimbwi vya bustani wakakaa kulitazama. Nani alikuwepo siku lilipokwisha kuchanua? Hiyo siku ya pili, ya ua kuwa kahawia na kuning'inia, haina picha Instagram, na ndiyo siku yenye kazi.

Kazi hiyo mmewaachia watu msiowajua majina. Yule anayepita kwenye vichaka vya mtaa wenu alfajiri na ndoo mnamwita shamba boi hata akiwa na wajukuu. Analipwa kidogo kuliko wote kwenye lango hilo. Halafu mnaandika nyuzi ndefu kuhusu mazingira. Mwulizeni siku moja ni kichaka kipi anachokikata kabla ya vingine, na kwa nini. Mtajifunza zaidi ya mlichonacho kwenye nyuzi hizo.

Nilipoanza kukata ua wetu, mama alinizuia. Nilitegemea aseme habari za kivuli na kuni, na alizisema, na ni za kweli: jua la Garsen halina adabu, na kuni za karibu ni hizo. Lakini sababu yenyewe ilikuwa nyingine. Baba amezikwa nyuma ya nyumba, na mmoja wa ile miche sita ya kwanza, ambao aliuhamishia huko mwenyewe ulipokuwa bado mdogo, ndio unaomfunika.

"Baba yako hakuleta gugu," akaniambia. "Alileta mti."

Tulibishana siku tatu. Sikumshinda, na sasa sitaki tena kumshinda. Ua wa mbele tuliupunguza mpaka usawa wa kifua. Ile miti mitatu iliyokuwa kwenye njia ya mbuzi niliichimba, nikakata mizizi chini ya udongo, kazi iliyonichukua wiki na kuniachia malengelenge ambayo hoteli haikuwahi kunipa. Maganda tuliyofagia yalijaa magunia manne. Jirani yetu alimtuma kijana wake achukue mawili, tukakubaliana kwamba atayaanika na kuyasaga kwanza, na mjomba, ambaye hakuulizwa, akasema atakwenda kuhakikisha. Amekwenda mara mbili. Sijui wanazungumza nini huko, lakini anarudi amekunywa chai.

Mti wa kaburini umebaki. Mama amekubali jambo moja tu: nikate maua, nisikate tawi. Kwa hiyo kila baada ya wiki mbili napanda kuunyoa mathenge, kazi ambayo nina hakika hakuna mwingine anayeifanya kati ya hapa na Garissa. Vile vibrashi vya manjano vikianza tu kukauka nashuka navyo na vikonyo vyake, kabla ganda halijafunga. Ngazi hatuna. Nasimama juu ya pipa, mama analishika kwa mikono miwili na kunihesabia ninayoyaruka. Nyuki wananizomea. Wapita njia nao wanasimama, na juzi kijana mmoja alitoa simu akatupiga picha, nadhani ninajua imekwenda wapi.

Jumatano nilimaliza upande wa barabara. Upande wa nyuma bado, pipa halisimami vizuri kwenye udongo ule, na kuna maganda mawili kule juu ambayo yameshaanza kugeuka manjano.